"KWENYE MAPENZI HAKUNA KUANDIKIANA": ANAYESEMA HIVYO MARA NYINGI NDIYE ANAYEKULA BURE!

Hakuna kauli inayopigiwa makofi mitandaoni kama hii: "Kwenye mapenzi hakuna kuandikiana." Mtu akiiposti usiku, asubuhi anakuta lundo la kopa nyekundu. Wadada wanaitikia amina, wakaka wanaiweka stetasi. Inasikika kama upendo wa hali ya juu kabisa.

Sasa angalia ni nani anayeisema kwa nguvu. Si yule anayejaza gesi. Si yule ambaye umeme ukikata saa tatu usiku anahangaika gizani na namba ya mita. Anayeisema ni yule ambaye tarehe ishirini na ngapi huko bado ana hela ya bata, na kilo ya maharage hajui inauzwaje tangu mwaka juzi. Kwa mtu wa namna hiyo, daftari ni adui. Likifunguliwa tu, ameumbuka.

Chukua Mbeya. Majina kapuni, na hayana kazi, maana kila mtaa wanao. Pale Soweto kuna kapo ya sogea tukae, mwaka wa tatu sasa. Mdada ana kibanda chake Mwanjelwa, jamaa ana kazi yake mjini. Jamaa analipa kodi ya nyumba, miezi sita kwa mkupuo. Hiyo ni hela inayoonekana. Mwenye nyumba anamsalimia kwa heshima, majirani wanajua, mpaka mama yake kijijini anajua kwamba "kijana wangu analipa nyumba." Mdada yeye anatoa vidogo vidogo: mchele, mafuta, sabuni, mkaa, LUKU, maji, hela ya taka, rambirambi za mtaani, na nauli ya mdogo wake jamaa aliyeshuka kutoka Tukuyu kutafuta kazi na bado yupo sebuleni. Vidogo vidogo havina risiti, na hakuna mtu anayepiga picha mche wa sabuni.

Weka mfano wa hesabu. Kodi ikiwa shilingi 80,000 kwa mwezi, miezi sita ni 480,000. Mdada akitoa 5,000 kwa siku, mwezi ni 150,000, na miezi sita ni 900,000. Karibu mara mbili ya "mwenye nyumba yake"! Lakini siku ya ugomvi utasikia nini? "Hapa nalipa mimi, fungasha!" Na kinachouma zaidi ni kwamba mdada naye anafungasha. Anaamini kweli. Hela yake ilitoka kwa buku mbili, buku tatu, na hakuna mahali popote ilipokutana ikawa kiasi kinachoonekana.

Panda Iringa, nenda Kihesa kwenye nyumba za wanafunzi na za waliomaliza chuo wanaosubiri ajira. Washkaji wanne, nyumba moja, jiko moja, mita moja. Mmoja wao ni bingwa wa neno moja: "Nunua tu mwanangu, nitakurushia." Anakurushia nini? Anarusha maneno. Halafu inaingia Juni na Julai, baridi ya Iringa inayoingia mpaka kwenye mifupa. Mmoja ana hita ya kuchemshia maji, mwingine anaoga ya baridi kishujaa, LUKU inaisha katikati ya wiki, nyumba inawaka moto kwa maneno. Ukiwakalisha wote wanne na kuwauliza nani anatoa zaidi, wote wanne watanyoosha mkono. Na hapo ajabu ni kwamba si lazima wawe waongo. Akili ya mtu inakumbuka vizuri hela iliyotoka mfukoni mwake na inasahau haraka iliyotoka mfukoni mwa mwenzake. Ndiyo maana kumbukumbu haifai kuwa mhasibu.

Na isije ikaonekana ni vita ya wadada dhidi ya wakaka. Kuna jamaa yuko Mafinga kwenye mambo ya mbao, anatuma hela nyumbani kila wiki, na kila wiki anaambiwa haitoshi. Anaongeza, haitoshi. Anachojua ni kwamba maisha yamepanda. Asichojua ni kwamba mama watoto ana marejesho ya mikopo miwili ya kausha damu aliyoichukua kimya kimya kuziba pengo la mwezi mmoja mbaya. Atajua siku atakayorudi akute pale televisheni ilipokuwa pana kitambaa cha mezani tu. Mwanamke huyo si mwizi. Aliogopa kusema, kwa sababu nyumba haikuwa na mahali pa kuonyesha pengo likiwa bado dogo.

NANI ALISEMA KUANDIKA SI UTAMADUNI WETU?

Utetezi wa kwanza wa wapinga daftari huwa ni huu: "Hayo ni mambo ya wazungu, sisi tunaishi kwa upendo."

Weee! Mwafrika gani huyo asiyeandika? Kwanza mahari. Nyanda za Juu Kusini kote, kwa Wanyakyusa, kwa Wahehe, kwa Wabena, posa inakuja na majadiliano ya wazee, ng'ombe wanatajwa, vitu vinaorodheshwa, kilichotolewa kinajulikana na kilichobaki kinajulikana. Hakuna mjomba aliyewahi kusimama akasema, "Tusihesabu, hawa wanapendana."

Halafu ikaja kamati ya harusi. Fungua kundi lolote la WhatsApp la michango. Jina, ahadi, alichotoa, kilichobaki. Orodha inasasishwa kila jioni, na ambaye hajamaliza anakumbushwa mbele ya watu mia mbili. Yaani ndoa inazaliwa ndani ya orodha ya hesabu kali kuliko za ofisi nyingi, halafu siku ya pili baada ya fungate mtu anasema kuandika matumizi ya mboga ni kukosa upendo!

Ongeza mangi wa dukani. Daftari lake la madeni linaheshimika kuliko hati nyingi. Ongeza kikoba, ambako asiyetoa hisa anapigwa faini na bado jioni wanakunywa chai pamoja. Kote huko watu wanaandikiana na kote huko wanapendana. Sehemu pekee ambayo kuandika kumegeuzwa dhambi ni ndani ya nyumba, ambako hela nyingi zaidi ya maisha yako inapita. Jiulize ni nani aliyefaidika na hiyo amri.

FAILI MOJA, MACHO MAWILI

Sasa, kuandika wapi? Daftari la karatasi ni mwanzo mzuri na halina ubaya wowote, isipokuwa linakaa kwa mtu mmoja, linaloa, na siku ya ugomvi kurasa zinachanika zenyewe. Programu za simu nazo zipo kibao, lakini nyingine zinataka namba zako zote, picha zako zote na mahali ulipo, kama vile zinakuja kuposa. Vijana wameshaumizwa na programu za mikopo zilizokuwa zinatumia meseji mpaka kwa bosi na kwa mama mkwe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila leseni. Baada ya hapo, kumkabidhi mtu usiyemjua siri za jiko lako ni ujasiri wa ajabu.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wa kompyuta wameitumia miaka mingi bila kelele. Mwaka 2003 mtaalamu mmoja, John Wiegley, alianzisha programu inayoitwa Ledger. Mwaka 2007 Simon Michael akaja na ndugu yake, hledger. Zote ni za bure, na zote zinasoma kitu kimoja rahisi: faili la maandishi matupu. Unaandika kama unavyoandika meseji. Faili linakaa kwenye simu yako na ya mwenzako, linatumwa kwa WhatsApp, linafunguka hata kwenye simu ya bei ya chee. Halihitaji akaunti wala bando la kila siku, na hakuna kampuni inayolichungulia.

Kanuni yake ni ya zamani kuliko mitandao yote. Mwaka 1494 mtawa wa Italia, Luca Pacioli, alichapisha kitabu huko Venice kikieleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika hesabu: kila hela ina pande mbili, ilikotoka na ilikokwenda, na pande hizo lazima zilingane. Basi. Ndani ya nyumba ya Soweto inakuwa hivi:

2025-06-03 Gunia la mkaa
    Gharama:Dada       30000 TZS
    Gharama:Jamaa      30000 TZS
    Katoa:Dada        -60000 TZS

Maana yake? Mkaa wa 60,000 ni wa wote wawili, kila mmoja mzigo wake 30,000, lakini aliyetoa hela ni dada. Jumlisha 30,000 na hasi 60,000 za dada, unapata hasi 30,000. Hasi ni anadai. Jamaa ana 30,000 chanya. Chanya ni anadaiwa. Akimrushia dada 30,000, inaandikwa nayo, wote wanarudi sifuri. Mwisho wa mwezi mwenye kompyuta anaandika mstari mmoja:

ledger -f nyumba.txt balance Dada

na jibu linatoka hapo hapo, hata kama mistari ni mia tatu. Ukikosea kujumlisha, programu inagoma na kukuonyesha palipokosewa. Haina upande, haijui nani ana sauti kubwa, na hailii.

Uzuri wa maandishi matupu ni kwamba hata asiyejua kompyuta anaweza kuyasoma. Ndani ya nyumba hilo ni jambo kubwa. Hesabu ambayo mmoja tu anaielewa haina tofauti na siri.

Na mambo yatakayojitokeza! Mfano mmoja tu. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Mwenye jengo ndiye mwenye wajibu wa kodi hiyo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Wapangaji wangapi wa Kihesa na Mwanjelwa wamewahi kukaa na kujumlisha makato hayo kwa mwaka, wakaenda kwa mwenye nyumba kwa adabu na orodha mkononi? Asiyeandika hana cha kupeleka, ana manung'uniko tu.

SIKU YA KUACHANA HAINA KIPAZA SAUTI

Hapa ndipo mzaha unapoisha. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika mazingira ya kuonekana kama mume na mke, kuna dhana kwamba wamefunga ndoa. Dhana hiyo inaweza kupingwa, lakini ipo. Kwa hiyo ile sogea tukae ya mwaka wa tatu si mchezo kama watu wanavyodhani.

Sheria hiyohiyo, kifungu cha 114, inaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na inaiambia iangalie mchango wa kila mmoja: wa fedha, wa mali au wa kazi. Neno "kazi" hapo lina uzito wake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Kupika, kufua, kulea, vyote vinahesabika. Ni hukumu inayotajwa mpaka leo.

Lakini kuna sehemu ambayo watu huwa hawaisimulii. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao aliouomba. Mahakama iliona kwamba mumewe alikuwa amempa fedha, na fedha zile hazikuonekana zilichofanya. Kanuni ilishinda, mwenye kesi akashindwa kwenye hesabu.

Hapo ndipo lile neno tamu la "hakuna kuandikiana" linapomkuta mtu. Siku ya kesi hakuna kopa nyekundu. Kuna kuulizwa: ulitoa nini, lini, kwa ajili ya nini? Aliyelipa kodi ana mkataba wenye jina lake. Aliyenunua kiwanja ana hati. Aliyelisha nyumba miaka saba ana nini? Ana machozi.

Faili la maandishi halimalizi kesi, na asidanganywe mtu. Linaweza kuhaririwa na yeyote. Ila faili lililoandikwa siku kwa siku, nakala yake iko kwa wote wawili, na tarehe zake zinaoana na meseji za M-Pesa na risiti, ni kitu tofauti kabisa na kumbukumbu ya mtu mwenye hasira. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokelewa kama ushahidi, na uzito wake unategemea namna ulivyotunzwa. Ukiamua kuanza kuandika siku mnayogombana, umechelewa.

"LAKINI DAFTARI NALO LINAWEZA KUWA FIMBO"

Hoja hii ina ukweli, na wanaoisema wasibezwe. Wapo wanaume, na wanawake pia, wanaodai risiti ya nyanya. Mke anatoka sokoni anahojiwa kama mshtakiwa: "Kitunguu cha mia tano kiko wapi?" Huo ni unyanyasaji uliovaa miwani ya uhasibu. Dalili yake ni moja: mmoja anaandikwa, mwingine anaandika. Anayeshika kalamu matumizi yake hayapo humo.

Dawa yake ni masharti yaliyokubaliwa kabla. Kila mtu anaandika alichotoa yeye mwenyewe, na wote wana nakala. Kinachoandikwa ni cha nyumba tu. Ukishatoa mgao wako, inayobaki ni yako, kasuke, kale kitimoto, kamtumie mama, hakuna wa kukuuliza. Na kazi za nyumbani ziandikwe nazo, maana anayepika kila siku ametoa kitu, hata kama hakikupita kwenye simu.

Na ile nusu kwa nusu isiabudiwe. Ikiwa mmoja anaingiza 400,000 na mwingine 200,000, kugawana sawasawa ni kumkamua mdogo. Wa kwanza abebe theluthi mbili, wa pili theluthi moja. Faili halilazimishi nusu, linaandika mlichokubaliana. Kama mmekubaliana mmoja abebe yote, sawa pia, sheria yenyewe inampa mume wajibu wa kumtunza mke. Lakini ijulikane anabeba kiasi gani, ili ashukuriwe kwa kiasi hicho. Hata mwanamume anayetoa kila kitu anapoteza kwenye nyumba isiyoandika: anatoa mpaka anakauka, halafu anaitwa bahili.

Siku ya kukaa na faili iwe moja inayojulikana, mathalani Jumapili ya mwisho wa mwezi mkiwa mmeshiba. Kamwe isiwe katikati ya ugomvi. Hesabu iliyoletwa kwa hasira ni matusi yenye tarakimu.

MWISHO WA MANENO

Wapo watakaosema upendo wa kweli hautaki ushahidi. Kweli, upendo hautaki. Lakini nyumba si upendo peke yake. Ni mkaa, ni mchele wa Kyela, ni ada, ni panadoli ya mtoto saa nane usiku, na vyote hivyo vina bei na vina mtu aliyetoa. Mwenza anayekataa jasho lako lionekane hawezi kudai kwamba anakulinda na ubahili. Anakula kivulini, na anataka kivuli kiendelee.

Kwa hiyo jaribio ni dogo na halina gharama. Leo jioni, bila nongwa, mwambie unayeishi naye: "Mwenzangu, tuandike mwezi mmoja tu, wote wawili, tuone." Akisema "sawa, nitume nini?", mshike huyo mtu kwa mikono miwili. Akianza kupandisha sauti kabla hata mstari wa kwanza haujaandikwa, umeshapata salio.

Wana Mbeya, wana Iringa, kwenu nani anashika kalamu? Na yule bingwa wa "nitakurushia" mnaishi naye vipi? Dondosha komenti hapo chini, majina kapuni kama kawaida.